Tawi Bichi Kwenye Kiwanja cha Mtaa

Nchiru, Meru

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa kijana wako Ireri. Goti limepoa? Na kahawa, mmeanza kuchuma? Mimi mwili hauna neno. Kwenye simu huwa nasema niko sawa kisha nakata haraka, ndiyo maana leo naandika. Mama, nina upweke. Tangu nije huku kutengeneza milango ya hosteli, nikitoka kanisani Jumapili sina mtu wa kuongea naye hadi Jumatatu.

Mtaa wetu una kiwanja cha umma, na wakazi wanataka kukifanya bustani, wakipanga wenyewe. Mwenyekiti, Mwalimu Mutuma, alituita ili kila mtu achomeke kijiti kikavu pale anapotaka kitu kiwe. Akina mama wakachagua mahali pa bomba, wanafunzi mahali pa kivuli. Mimi nilitaka benchi tu, mtu aketi na mwingine amkute.

Sikuwa na kijiti, nikakata tawi la mti wa mukungugu kwenye ua, nikachomeka. Najua umeshashika kichwa. Tawi bichi, la mti uleule tunaopanda mpakani kuonyesha shamba ni letu, na aliyelichomeka ni mgeni. Mama Kendi, jirani ninayemsalimia kila asubuhi, akasema, "Huyu wa Embu ameanza kujipimia ploti yetu." Wengine walicheka, lakini si wote. Nikaling'oa mwenyewe. Nilijieleza kwa Kiswahili, wao wakajadiliana kwa Kimeru. Nilitamani kurudi nyumbani Karurumo siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata Mwalimu akanifuata kazini. Benchi wamelikubali, na mimi ndiye wa kulitengeneza. Nilifurahi hadi nikasahau kula. Juzi nikalipeleka. Mama Kendi akalizunguka, akalipima kwa mkono.

"Fundi, hii ni ya watu wawili. Si sisi ni mtaa mzima?"

Kusema kweli, nilipokuwa nikikata mbao sikuweza kufikiria zaidi ya mtu mmoja kando yangu.

Nisalimie dada Wanja na watoto wake, na mjomba Njeru anayetutunzia shamba. Mwambie panga lake bado ninalo.

Nimeshaanza benchi lingine, refu. Lile dogo nimeliweka mlangoni kwangu, na jioni huwa naketi upande mmoja. Njoo, Mama, hata kwa siku moja.

Ni mimi mwanao,
Ireri