Bonde Lililogeuka Ziwa

Sangju, 14 Novemba 2019

Mwanangu Seonhwa,

Hujambo? Kifua chako kimepoa? Baridi imewahi mwaka huu. Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzee, magoti tu ndiyo yananung'unika. Nimekutumia persimoni zilizokaushwa, matunda ya huku kwetu. Uzile mwenyewe, usiwagawie wenzako wa ofisini zote.

Nimefika ngazi ya thelathini! Tangu Kyuwon wetu, mwanangu na mumeo, atutoke mwezi Machi, nami nikaingia kwenye mchezo wake wa kompyuta ili niwe karibu na watu waliomjua, nimekuwa kichekesho cha kundi. Tulipovamia ngome juzi, kijana mmoja aliniandikia mbele ya wote: "Babu, huo ni upanga, siyo mkongojo!" Nikamjibu kwamba huenda nilimfundisha baba yake jiografia, na baba mtu naye alikuwa haijui kaskazini. Walicheka mpaka tukakaribia kushindwa.

Lakini ngome tumeiteka, na ngoma kubwa iliyomo ni yetu. Ikipigwa, ulimwengu wote wa mchezo unasogea zama moja mbele: nchi ya kaskazini inafunguka, ngazi mpya zinaongezwa, na bonde la zamani linafunikwa na ziwa. Hakuna kurudi nyuma. Vijana wameamua mkubwa wa umri ndiye apige, kama mezani ambapo hakuna anayegusa vijiti vya kulia kabla ya mzee. Watu wa ngazi ya tisini wamenikabidhi fimbo mimi!

Nilikuona tena bondeni, umeketi kando ya Kyuwon wa mchezoni. Ulikuwa umekula?

Baba mkwe wako


Daejeon, 20 Novemba 2019

Baba,

Shikamoo. Magoti yakandwe kwa maji ya moto, usiyapuuze. Mimi sijambo. Persimoni nimezila zote peke yangu, kama ulivyoamuru.

Baba, nakuomba usiipige ngoma. Unajua mchezo huu humwacha mwenye nyumba akionekana ameketi kwake hata akizima kompyuta. Asubuhi ile Kyuwon alimwacha mtu wake barazani, kwenye nyumba tuliyoijenga sote wawili, akaniambia anakwenda kununua mayai. Lori likamgonga, hakurudi. Yule wa barazani bado yupo. Nywila yake siijui, siwezi kumhamisha. Ziwa likija, atafutika pamoja na nyumba.

Nipe mpaka Machi tu, tumfanyie tambiko la mwaka, nimuage. Kundi linasema litakufuata wewe.

Nikitoka kazini naenda kwake moja kwa moja. Mama anasema, "Wewe umeolewa na picha." Na aseme. Mwisho wa Desemba naacha kazi, nipate muda wa kukaa naye mchana pia.

Mkaza mwanao


Sangju, 27 Novemba 2019

Mwanangu Seonhwa,

Salamu zako zimefika, na magoti nimeyakanda. Wewe je, usingizi unapata?

Nimewaambia vijana kwamba ngoma itasubiri Machi. Wamejibu, "Sawa, Babu," ingawa makundi mengine yanatutukana kwa kuuchelewesha ulimwengu. Mmoja kaandika kwamba tumeikalia ngoma kama kuku aliyekalia jiwe. Waache.

Ila kazi usiache. Hilo nakusihi.

Baba mkwe wako


Daejeon, 11 Desemba 2019

Baba,

Shikamoo. Umekula leo? Tafadhali kula.

Vijana wamenieleza kwamba ulikuwa unafuta vumbi kwenye kibodi, mkono ukatetemeka, ukabonyeza, ngoma ikalia. Kwenye simu ulilia mpaka nikashindwa kukuelewa. Usijitese. Mkono wa mzee haupelekwi mahakamani.

Nilifika nikakuta maji. Nilisimama ukingoni pamoja na watu waliokuja kushangilia zama mpya, wanarusha fataki. Sikuwahi kumwambia neno la kwaheri.

Sitaingia tena. Tambiko la Machi tutalifanya kwako, nitakuja kupika.

Mkaza mwanao


Sangju, 3 Februari 2026

Mwanangu Seonhwa,

Hamjambo huko Busan? Mumeo na binti yako wazima? Picha ya mtoto aliyejipaka unga nimeibandika karibu na kitanda, wauguzi wanaisalimia kuliko wanavyonisalimia mimi. Madaktari wameacha kunikemea juu ya chumvi, ndipo nikajua. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea. Usishangae mwandiko.

Mkono wangu haukutetemeka.

Niliamka, nikanywa chai, nikavaa koti lile la kufundishia kama mtu anayekwenda mahali. Kwanza nilishuka bondeni. Nikaketi mbele ya Kyuwon, nikamwandikia mambo ambayo baba wa rika langu hawakuyasema: kwamba nilijivunia, kwamba siku aliyokuleta nyumbani nilijifanya mkali kwa sababu ya furaha. Akaitikia kwa kichwa. Unakumbuka alivyokuwa akiitikia? Nikafurahi. Nikanyamaza, akaitikia tena. Nikamwandikia tusi, akaitikia. Akapita mtu mwenye kuku wa kuuza, naye akaitikiwa vilevile. Hapo nilikasirika, mwanangu, kama sijawahi kukasirika maishani. Wewe ulikuwa unaacha kazi kwa ajili ya kichwa kile. Nami nilikuwa nimeanza kuipanga siku yangu kwa ajili yake.

Nikapanda ngomeni, nikapiga.

Kisha nikatunga habari ya vumbi. Nilijua nyote mngeamini, maana kwetu mzee akiangusha bakuli huulizwa kama ameumia. Vijana walinifariji. Wewe ulinifariji. Ulikuja Machi, ukapika supu na samaki wa tambiko, ukanikanda mikono hii miwili mbele ya picha yake, nikakuacha ukande.

Kila ulipopiga hatua nilijiambia, umeona, Jintae, ulifanya vyema. Ulipobaki kazini. Ulipohamia Busan. Ulipoolewa ukaniomba baraka. Lakini hesabu hiyo haijawahi kunipa usingizi. Kama ilikuwa kwa faida yako, mbona sikukuuliza? Nilikunyang'anya kwaheri, halafu nikaketi nipokee pole zako. Kubonyeza lilikuwa jambo la sekunde. Kupokea pole nimeendelea nako kwa miaka.

Siombi unisamehe haraka. Naomba unijibu, hata kama ni tusi. Ni jibu lako tu ninalolisubiri sasa.

Baba mkwe wako


Busan, 18 Aprili 2026

Baba,

Sijui salamu gani inafaa. Sisi huku wazima. Mtoto ameota jino, anamng'ata kila mtu.

Leo ni tambiko lako la siku ya arobaini na tisa. Barua hii nitaisoma kwa sauti kwenye uwanja wa hekalu, kisha niichome pamoja na karatasi ya jina lako. Shangazi, dada yako, ameniuliza, "Unaandika nini kirefu hivyo, marehemu ana muda wa kusoma?" Nimemwambia anao.

Barua yako niliisomea ndani ya gari, nje ya soko la samaki. Nilipiga usukani mpaka honi ikalia na muuzaji akanitukana. Ndiyo, ungeniuliza ningekataa. Ungenibembeleza, ningekukatia simu, ungepiga tena. Kisha tungeshuka bondeni wote wawili, tukamuaga, na fimbo tungeishika pamoja. Nilikuwa na uwezo huo, Baba. Hukuniamini kwamba ninao.

Hilo ndilo lililoniuma. Bonde lenyewe nilikuwa nimekwisha kulizoea likiwa chini ya maji.

Hasira haikumaliza juma. Siku moja nilikuwa naanika nguo, nikakukumbuka na koti lako, umejifunga vifungo vyote, unamtukana mwanao aitikie. Nikacheka peke yangu, nikalia, nikakusamehe palepale, kibanio mkononi. Ningeweza kukupigia simu kabla shati halijakauka.

Sikupiga. Nilisema moyoni, na yeye asubiri kidogo, aonje. Muuguzi alipopiga kusema unauliza kila asubuhi kama posta imekuja, nilimwambia nina kazi nyingi, nitaandika Jumapili. Jumapili nilikwenda na mtoto ufukweni. Nilikuwa na kalamu kwenye mkoba.

Jumatatu Shangazi akapiga.

Sikuwa na kazi yoyote, Baba. Nilikuwa nimeshakusamehe, nikakawia kwa makusudi.

Mkaza mwanao