Sanduku la Papa

Bukavu, 9 Juni 1974

Dada yangu Clémence,

Ndoa ni tamu! Firmin ananiita malkia. Kila Jumapili tulipanga pamoja barua za marehemu Papa wetu na vipande vya magazeti vya siku zake za ubunge. Yeye alibandika, mimi niliandika tarehe.

Jana sanduku tulimoweka hayo yote halikuwapo.

"Nimewapa wakubwa," alisema.

"Wale waliomufunga Papa?"

"Muzee alishakufa, chérie. Na mimi wamenipa cheo. Haufurahi?"

Akanibusu. Nikatabasamu, dada, sijui kwa nini.

Karatasi za Papa ulizoficha kwako Lwiro usizitoe, hata ukipata barua ya kuziomba yenye mwandiko wangu. Firmin akiniomba kwa sauti yake ile tamu, nitaiandika.

Mudogo wako,
Colette