Darasa la Wasioona, Kasulu

Jumatatu, 9 Januari 1978
Nimerudi kutoka Nyakitonto na Adija. Miguu imevimba. Lakini nimempata!

Baba yake, Abbasi, hakutaka kabisa. Asiyeona atasoma nini, wakati wenye macho wanafeli? Nikamweleza tena: serikali imenipeleka chuo, nimejifunza maandishi ya nukta, vidole vinasoma. Serikali itampa kitanda, chakula, sare. Abbasi akauliza huyo serikali ni nani, na anakaa wapi. Majirani wakacheka. Mkewe, Stumai, hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kifurushi cha nguo, kimeshafungwa tayari.

Abbasi akamwambia mkewe mbele yangu, "Akitoka hapa katoka. Akirudi, mtafute pa kulala nyote wawili."

Stumai alishika mkono wa binti yake, akauweka ndani ya mkono wangu.

Njiani Adija aliuliza kama shuleni kuna mbwa.

Jumatano, 18 Januari
Watoto wanne sasa. Vitanda na mablanketi vimekuja na lori kutoka mkoani, na mashine za kuandikia nukta! Stoo ya majembe imekuwa bweni. Mwalimu Mkuu, Gharibu, amebeba vitanda mwenyewe, shati limelowa jasho. Akaniambia darasa hili atalilinda kama mtoto wake.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kidogo. Nilipoletwa huku kutoka Songea sikumjua mtu, baridi hii, Kiha sikijui. Ni yeye aliyenipokea. Mbegu za maharage nilizopanda alinipa mkewe.

Ijumaa, 3 Februari
Adija kaandika jina lake. Akapitisha kidole, akarudia. Akauliza, "Huyu ni mimi?"

Kisha akataka jina la mama yake. Alikosea, akaanza upya. Kula hakwenda.

Jumatatu, 20 Februari
UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa kila mtoto, umetufurikia. Darasa la kwanza wamejaa mpaka barazani, na mvua haiwahurumii. Gharibu ameomba chumba chetu kwa asubuhi tu. Nimekubali. Ni watoto pia wale. Sisi tutasoma mchana.

Alhamisi, 2 Machi
Tumetoka hospitali, mmoja alikuwa na homa. Bweni tupu! Vitanda wamepewa walimu wapya wa UPE, mashine zimefungiwa ofisini. Gharibu anasema ni kwa muda, nivumilie, anabanwa na wakubwa.

Nimewaleta watoto kwangu. Mikeka. Hawajalalamika — hilo ndilo linaniuma.

Jumanne, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.

Leo amekuja afisa kutoka wizarani. Asubuhi Gharibu aliniomba watoto wabaki chumbani kwangu na mpishi, wasipige kelele. Nikaona ni sawa.

Kwenye mkutano wa walimu afisa akasema amekuja hasa kwa ajili ya wasioona, yuko wapi mwalimu wao? Nikainua mkono. Gharibu akasimama kabla yangu. Sauti ya upole, ile ile niliyoizoea.

"Ndugu Afisa, kwa masikitiko, darasa lile limejifia. Wazazi wa huku bado hawajaelimika. Wamewachukua watoto wao."

Nikasema, "Watoto wapo. Wako nyumbani kwangu, hapo nyuma. Twende ukawaone."

Walimu wenzangu wakaangalia meza. Gharibu akatabasamu, akamweleza mgeni kwamba Mwalimu Pelagia aliwapenda mno, amewang'ang'ania hata baada ya wazazi kuja kuwadai. Afisa akanitazama kama anamtazama mgonjwa. Akauliza mvua imeharibu barabara ya Kibondo au inapitika. Akasema mwaka ujao msaada utapelekwa kwa wazazi walio tayari.

Hakuja. Ni hatua chache tu kutoka ofisini, na hakuja.

Kunidharau mimi, sawa. Lakini Gharibu amemsingizia Stumai. Stumai!

Ijumaa, 10 Machi
Nimehamishiwa Kibondo. Darasa la kawaida. Gari ni Jumatatu.

Nilikwenda kwa Gharibu kumuuliza kwa nini. Hakukana. Watoto wale wa UPE angewaweka wapi? Angesema amewanyang'anya vipofu vitanda, kazi ingebaki? Aliongea kama anamweleza rafiki. Mkewe akaleta chai. Sikuinywa.

Wazazi wa wale wengine wamewachukua watoto wao. Mmoja hakuniamkia. Kwa hiyo sasa uongo wa Gharibu umekuwa kweli.

Jumapili, 12 Machi
Stumai amekuja na kikapu cha viazi. Nilidhani kaja kumchukua mwanawe. La. Abbasi hajabadili neno.

Nilianza kumweleza habari za wizara, za vitanda. Akanikatiza, taratibu.

"Mwalimu, mimi serikali siijui. Nakujua wewe. Ni wewe uliyekuja kwangu."

Akamsuka Adija nywele, akamwambia atakuja kumwona baada ya mavuno. Kibondo kwa miguu? Akaondoka bila kugeuka.

Jumatatu, 13 Machi
Naandika ndani ya gari. Limewashwa, limezimwa.

Dereva, Khatibu, ameambiwa abebe mwalimu mmoja na mizigo yake. Nilimpandisha Adija kwanza, halafu godoro. Khatibu akakuna kichwa. Ndipo Gharibu akatoka ofisini. Amesimama mbele ya gari, anasema mwanafunzi wa shule yake haondoki bila kibali chake.

Nikamwambia Khatibu, kwa sauti, walimu wote wanasikia: "Muulize Mwalimu Mkuu ni mwanafunzi gani huyo. Wizara imeambiwa hayupo."

Gharibu akinikatalia, Adija yupo, na alimdanganya afisa. Akiniruhusu, nani atamjibu Abbasi siku akibadili neno na kumdai mtoto? Nimemwona akinitazama, na kwa mara ya kwanza hana sauti ile ya upole.

Hajaondoka mbele ya gari. Hajasema hapana pia. Khatibu ameshika ufunguo, ananisubiri mimi au anamsubiri yeye, sijui.

Adija anauliza mbona hatuendi. Nimemwambia tunamsubiri Mwalimu Mkuu aamue kama yeye yupo au hayupo.