Baba, Nondo Zako Nimezikata

Baba yangu mpendwa,

Kama ningeweza kukuita tukae chini, leo tungegombana tena. Sisi watu wa Ihanda tumezaliwa kwenye kahawa. Boti la tanga tulilijulia wapi? Ulikwenda mara moja tu Ziwa Rukwa kutengeneza mashine ya mtu, ukarudi Tunduma na wazimu mpya. Karakana ikajaa mbao, malori ya wateja yakasubiri nje. Nilikushikia mbao, nikapaka rangi, na kusema kweli nilifurahi sana.

Ugomvi ulianza kwenye mlingoti. Mimi nilitaka ushikiliwe na waya wa kusukwa, ule wa winchi za malori. Wewe, fundi wa kuchomelea tangu ujana, hukuamini kitu kisichochomeleka. "Waya ni wa kuanikia nguo," ulisema, ukachukua nondo, ukazichomelea ncha. Zilinyooka vizuri, nakubali. Tulipolipeleka boti ziwani, safari ya tatu nondo moja ikakatika palepale ulipochomelea, mlingoti ukamwangukia mdogo wangu Yona begani. Ukalaumu vijiti vya kuchomelea, kisha ukaweka nondo nene zaidi.

Nilikueleza mara ngapi? Waya ukichakaa hukatika uzi mmoja mmoja. Ukiupapasa unakuchoma kidole, unajua. Nondo inang'aa mpaka siku inapokuacha. Hata ugonjwa wako uliuficha hivyohivyo, tukaja kujua zimebaki wiki mbili. Na katika wiki hizo, badala ya kutuaga, ukamwita Yona kitandani ukamwagiza boti lako lisiguswe na waya.

Sasa Yona, ambaye mkono wake mpaka leo haupandi juu ya bega, ananiambia wosia wa marehemu haupingwi. Baba mdogo naye kamuunga mkono. Jumamosi Yona anavusha mpunga wa watu kwa boti hilo, na ana watoto wanne. Nimechoka kubishana na walio hai kwa ajili yako.

Kwa hiyo jana nilishuka ziwani na msumeno wa chuma, nikazikata nondo zote. Waya nimeufunga kwa vibano, nikauvuta mpaka ukakaza. Yona hanisemeshi.

Nakukumbuka, Baba, kuliko ninavyoweza kuandika. Pumzika, na ukitaka kununa, nuna. Wewe nimeshakuzika, Yona sitaki kumzika.

Ni mimi, binti yako mbishi.