Picha ya Kuweka Kando ya Jeneza

Schaerbeek, Brussels

Mdogo wangu Georgette, nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo ingekunyamazisha hata wewe.

Geuza kadi. Mzee huyo mwenye koti na tai ni mimi. Ukumbi wenye madirisha marefu si wa mfalme, hata kama umekwisha kuwaambia hivyo wenzako wa kwaya. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyoachwa miaka mingi. Mjukuu wangu Clarisse hupenda kuyapiga picha majengo kama hayo, nami nikamwomba anipeleke. Tulipita penye tundu la uzio, yeye akinisukuma kwa nyuma kama gunia la makaa. Ndani, mti umeota katikati ya vitanda.

"Kambo, babu yangu, usicheke, bon? Picha itaharibika."

"Sicheki, mama. Ni baridi."

Sasa nikuungamie. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Lubumbashi sitaiona tena nikiwa hai. Mwanga wa jumba lile unazishinda studio zote, ndiyo maana nilikaa pale nipigwe picha ya kuweka kando ya jeneza. Usiwaruhusu watumie ile ya pasipoti, ambamo nafanana na mwizi wa kuku.

Watu wa kilio watasema, "Papa Mwalimu aliishi vizuri Ulaya, ona jumba!" Usiwasahihishe. Wewe uliyesema tangu utoto kwamba nitaishia kwa vichaa, jifunike kitenge usoni, ucheke kwa niaba yangu. Watadhani unalia.

Kaka yako akupendaye,
Anselme