Urembo wa Dari ya Kanisa

Apia

Kwako Mama, huko Auckland,

Mvua imepungua na nguruwe wako wamenona.

Leo kaka Fetu amerudi kwenye msumeno wa meza, ule ule uliomkata vidole viwili alipousukuma ukanda mwembamba wa ubao kwa mkono. Nilitoka mbio katika ofisi ya karakana kumzuia, kama ulivyoniagiza.

"Karani, rudi kwenye karatasi zako," alisema. "Vidole vilivyobaki navipenda kuliko unavyovipenda wewe."

Alichonga ukingo wa ubao mpana, mikono ikiwa mbali, kisha akausukuma kwenye msumeno kwa kijiti. Ukingo ule wa urembo ukakatwa kutoka kwenye ubao, ukaangukia upande ulio wazi, ukiwa na mikunjo kama kombe la bahari. Nilisahau kuogopa.

Dari ya kanisa itakuwa tayari kabla ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto. Unisamehe, Mama: badala ya kumzuia, ubao wa pili ulipotoka kwenye msumeno niliupokea mimi.

Mwanao,
Lagi