Jogoo wa Nyumba Nne

Butali, Kakamega

Mdogo wangu Mwanaisha,

Namshukuru Mola kwa barua yako, ijapokuwa hukuniambia kama goti lako limepoa. Na kifua cha shemeji je? Sisi wazima, tena leo nina furaha, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Uliniuliza tunakula nini huku kwenye sukari. Hukuwa peke yako kuuliza. Miwa imepanda bei, kila mtu anapanda miwa, na kiwanda kilitaka kulima hata kile kipande cha nyuma ya nyumba zetu za wafanyakazi, ambacho wifi yako Zaituni na wenzake walikiomba wapande mboga. Ofisi ikamtuma Bi Lalita, mke wa fundi wa mitambo kutoka kisiwa cha Morisi, aangalie kila nyumba inanunua chakula gani kwa wiki. Tukionekana tunakula vizuri, kipande kinakwenda kwa miwa. Mimi nikapewa kazi ya kumwongoza.

Agizo lilikuwa jepesi: wekeni mezani mnachokula. Lakini huku mgeni akiingia nyumbani asione kuku, ni fedheha ya ukoo mzima. Kwa jirani yetu Rasoa tulikuta unga, majani ya chai, omena, yaani dagaa wa ziwani, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nyumba ya pili: unga, chai, sukuma wiki, na jogoo mwekundu. Ya tatu vilevile. Nikatambua ni yule yule. Kila tukitokea mlango wa mbele, jogoo alipitishwa wa nyuma.

Nyumba ya nne ni yangu. Zaituni alikuwa bado anamfunga kamba tulipoingia.

"Mama," Bi Lalita akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, akimnyooshea jogoo kidole, "huyu bwana ana wake wangapi?"

Rasoa, aliyekuwa dirishani, akaangua kicheko. "Madam, ni wangu! Huyo Zaituni ni mwizi wa waume."

"Mwizi gani? Si umemleta mwenyewe, mlango wa jikoni!"

Tulipomaliza kucheka, Bi Lalita akauliza taratibu tunakula nini kweli.

"Obusuma na mboga," Zaituni akajibu. "Ugali huo kila siku, Madam. Na mboga yenyewe tunanunuanga. Udongo huu unaotesha hata ufagio, na mimi nanunua majani sokoni!"

Bi Lalita akaketi. Alisema kwao ni hivyo hivyo: miwa mpaka mlangoni, mchele na dengu kutoka melini, hata kitunguu. Nikamweleza Lamu yetu, samaki kwa jirani, nazi na muhogo uani, dukani mchele na chumvi tu. Tukalinganisha hadi chai ikapoa, na ikawa wazi kwamba penye miwa mingi ndipo kikapu cha dukani kinapokuwa kizito.

Jana ofisi ilijibu taarifa yake. Kipande ni cha mboga! Wanawake walikigawanya kwa kamba jioni ile ile, wakiimba.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu mkubwa, na mwanao fundi cherehani. Wifi yako anakusalimu kwa mikono miwili.

Ameniachia tuta moja karibu na ua. "Panda cha kwenu," akaniambia. Asubuhi nzima nimesimama pale, mzee na mvi zangu, nikishindwa kukumbuka mama alikuwa akipanda bamia mwezi gani. Niandikie, Mwanaisha. Na unitumie mbegu.

Kaka yako,
Athumani